Uzi: Desilu, kampuni iliyokubali kukatwa mshahara ili ibaki na negativu zake

#1 Mkanda35

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jina ambalo wengi tumelipita kwa macho bila kulisoma. Mwisho wa vipindi vingi vya zamani vya televisheni ya Marekani, hadithi ikishafungwa na muziki ukipanda, linatokea neno moja kwa herufi za kuungana kama saini: Desilu. Sekunde mbili tatu, limeondoka. Nyuma ya sekunde hizo kuna kampuni huru ya kutengeneza vipindi iliyodumu miaka 17 tu, kuanzia 1950 hadi 1967. Lakini upigaji wa vichekesho vya televisheni mbele ya watazamaji, biashara ya marudio ya vipindi, hata Star Trek, kile kipindi cha chombo cha anga, vyote vilipita mikononi mwake.

Historia hii nimeisoma kwa miaka. Kila nikiirudia naona inazunguka swali moja: kazi ikisharushwa hewani, nani anabaki na negativu, yaani filamu ya asili ambayo nakala zote hutolewa kwake? Nitaishusha kidogo kidogo. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Tuanze na wenye jina. Lucille Ball, mzaliwa wa Jamestown, jimbo la New York, 1911. Desi Arnaz, mzaliwa wa Santiago de Cuba, 1917. Baba yake Desi alikuwa meya wa mji huo, wakayapoteza yote katika mapinduzi ya 1933, kijana akafika Miami akiwa hana kitu. Akaingia kwenye muziki, ngoma ya konga begani, hadi akawa na bendi yake. Lucille alikuwa mwigizaji wa mkataba katika studio za RKO pale Hollywood, wa kupewa nafasi ndogondogo, kisha za kati, bila kuufikia ule umaarufu mkubwa. Walikutana 1940 hapohapo RKO wakitengeneza filamu moja, na Novemba mwaka huohuo wakafunga ndoa. Shamba lao la Chatsworth wakaliita Desilu, Desi na Lucille kwa pamoja. Jina la shamba ndilo likaja kuwa jina la kampuni.

Ishikeni hiyo RKO, tutairudia.

Ndoa yao iliishi barabarani. Mume alikuwa safarini na bendi, mke yuko studio alfajiri. Kufikia 1950 Lucille alikuwa na kipindi cha redio kinachopendwa kwenye kituo cha CBS, akiigiza mke wa nyumbani mwenye vituko, na CBS wakataka kukipeleka kwenye televisheni. Akawaambia sawa, ila mume kwenye kipindi awe mume wangu wa kweli. CBS wakasita. Waliamini watazamaji hawatakubali mwanamke wa Kimarekani na Mcuba mwenye lafudhi nzito kuwa mke na mume, wakati hao watu walikuwa mke na mume kwa miaka 10 tayari!

Hawakukaa kubishana. Wakaunda kampuni, wakatengeneza onyesho la jukwaani la wawili, na majira ya kiangazi 1950 wakazunguka nalo miji ya Marekani. Watu wakacheka, wakapiga makofi, ubishi ukaisha. Kazi ya kwanza ya Desilu kama kampuni ilikuwa hiyo, kuonyesha kwa vitendo kwamba ndoa ya wamiliki wake inaaminika.

Naendelea.

#2 Ngano za Usiku

Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

#3 Mkanda35

Twende 1951, kwenye meza ya mkataba, ndipo penye kiini.

Wakati ule vipindi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, kwa kuwa televisheni nyingi zilikuwa mashariki. Watu wa magharibi walipelekewa kineskopu, yaani kamera ya filamu inaelekezwa kwenye kioo cha televisheni na kunasa kinachoonekana pale. Matokeo yake picha ilikuwa ya ukungu, nyuso zimefifia. Mdhamini wa kipindi chao kipya, kilichoitwa I Love Lucy, yaani kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka picha safi huko mashariki kwenye wateja wengi. Lucille na Desi walitaka kubaki California, mtoto wao wa kwanza alikuwa njiani na alizaliwa Julai 1951.

Kubaki California na picha iwe safi mashariki, njia ilikuwa moja: kupiga kwa filamu ya milimita 35 kama sinema. Kasoro yake ni gharama. CBS na mdhamini wakakubali kuongeza, lakini wakataka wawili hawa wakatwe dola 1,000 kwa wiki kwenye mshahara wao. Desi akajibu kwamba tutakatwa, ila vipindi viwe mali ya Desilu, asilimia 100.

Wakampa.

Tuwaelewe waliompa. Kipindi kikisharushwa kilihesabiwa kimekwisha kazi, kama gazeti la jana. Nani angetaka kuangalia mara ya pili kichekesho alichokwisha kukicheka? Kwa CBS yale makopo ya filamu, yenye negativu ndani, yalikuwa mzigo wa kutunza stoo. Kwa Desi, aliyetoka kwenye muziki ambako wimbo mmoja unaimbwa kila usiku na watu wanalipa tena, jambo la kurudia halikuwa geni. Hayo ya muziki ni mawazo yangu, sijayasoma popote, lakini nayaamini.

#4 BintiWaMeza

Mkuu Mkanda35, naomba nichangie, hii imenigusa mahali.

Mimi ni mhariri wa video. Miaka minne iliyopita nilihariri tamthilia ya sehemu 26. Mkataba ulikuwa kurasa tano, niliusoma ukurasa wa malipo tu, nikasaini nikiwa nimesimama mlangoni maana kesho yake kazi ilikuwa inaanza. Leo nikiombwa na mteja mpya nimwonyeshe kazi yangu, sina ruhusa ya kumwonyesha hata dakika moja. Diski zote nilizikabidhi kwenye sanduku, nikasaini kukabidhi. Tamthilia imeuzwa mara tatu tangu hapo, naiona inapita.

Sijapunjwa hata senti ya mshahara niliokubali. Ila nikisoma kwamba kuna mtu 1951 alikubali kupunguziwa mshahara ili abaki na makopo, nabaki kimya.

Naomba utueleze na upande wa ufundi. Waliharirije kamera tatu za filamu bila kompyuta?

#5 Mkanda35

Dada BintiWaMeza, pole sana kwa hilo. Na swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Walikodi jengo la kupigia picha kwenye studio za General Service, mtaa wa Las Palmas. Jengo la sinema halijengwi kwa ajili ya watazamaji, lina kuta nene zisizopitisha sauti na mlango wa kuingiza seti. Ili waweke viti 300 na wakubaliwe na watu wa zimamoto na afya, ilibidi watoboe ukuta kuweka mlango upande wa mtaa wa Romaine. Juu yake wakaandika Desilu Playhouse. Mtu anatoka barabarani, anaingia, anakaa, mbele yake kuna sebule ya Lucy na Ricky, mke na mume walioigizwa na Lucille na Desi. Kati ya kiti chake na sebule zinapita kamera tatu.

Mpiga picha mkuu alikuwa Karl Freund. Jina hili liko kwenye filamu ya Metropolis ya 1927, mzee alitoka kwenye sinema ya Ujerumani ya enzi ya filamu bila sauti, na alishashinda Oscar kwa The Good Earth. Mtu wa hadhi hiyo akaja kupiga vichekesho vya nusu saa! Nadhani alivutwa na ugumu wake. Kwenye sinema ya kawaida taa zinapangwa kwa kila pembe. Ukimpiga mtu usoni unaweka taa hivi, ukirudi nyuma kuchukua chumba kizima unazihamisha. Hapa kamera tatu zinachukua kwa pamoja, haiwezekani kuhamisha taa katikati ya kichekesho watu wakiwa wanacheka. Freund akazitundika taa juu, mwanga ukatapakaa sawasawa seti nzima ili kila kamera ikute uso uko tayari. Seti zikapakwa rangi za kijivu za viwango mbalimbali ili nyeupe isiunguze picha na nyeusi isimeze maumbo. Kamera ya katikati ilichukua jukwaa zima, mbili za pembeni zikachukua nyuso kwa karibu.

Sasa meza ya uhariri. Mhariri wao, Dann Cahn, aliletewa mashine ya Moviola iliyoundwa kwa kazi hiyo: vichwa vitatu vya picha na kimoja cha sauti, vyote vinazunguka kwa pamoja. Wakaibatiza "zimwi la vichwa vitatu". Unaweka mikanda mitatu, kila mmoja wa kamera yake, unaizungusha, unaona picha tatu za tukio lilelile, unaamua hapa nakata niingie kwenye uso, hapa nirudi kwenye chumba. Alama kwa penseli ya nta, mkasi, gundi. Wewe unayekaa na kompyuta yenye madirisha ya kamera ubavuni unafanya kitu hichohicho.

#6 Kitasa

Uzi mzuri, ila tusimpe Desi kila kitu. Kutumia kamera kadhaa za filamu kwa pamoja kulikuwepo kabla ya I Love Lucy. Al Simon, ambaye Desilu walimchukua kusimamia uzalishaji, alitoka kwenye kipindi cha Truth or Consequences ambako walishafanya hivyo. Freund alijenga taa, Simon alileta uzoefu wa kamera, Jess Oppenheimer alikuwa mtayarishaji na mwandishi, na Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. waliandika. Huwa sipendi historia inayomfanya mtu mmoja aonekane amevumbua kila kitu usiku mmoja.

#7 Mkanda35

Uko sahihi kabisa Kitasa, na umenisaidia. Niliyoyaona mapya kwa Desilu ni kuyaweka yote pamoja: filamu ya milimita 35, kamera tatu, watazamaji wanaocheka pale pale, hadithi inayochezwa kwa mpangilio kama mchezo wa jukwaani, na tena kila wiki. Na umiliki juu yake.

Na Madelyn Pugh anastahili sentensi yake. Inasimuliwa kwamba vituko vya kutumia mwili alivijaribu mwenyewe ofisini kuona kama mwanamke anaweza kuvifanya, ndipo Lucille akaandikiwa.

Kipindi kikaanza kurushwa tarehe 15 Oktoba 1951. Kupendwa kwake sitakueleza kirefu, kila mtu anajua. Nitachukua siku moja tu, 19 Januari 1953. Lucille alikuwa mjamzito tena, na wakati ule mwanamke mwenye mimba kwenye televisheni lilikuwa jambo la kufichwa. Mdhamini na CBS walitaka asimame nyuma ya viti na meza asionekane tumbo. Wao wakasema mimba iingie kwenye hadithi. Wakakubaliana neno lenyewe la Kiingereza la mimba lisitamkwe, na padri, mchungaji na rabi wakaletwa kuzisoma hadithi kabla. Sehemu ya kwenda hospitali ilipigwa miezi kabla, ikapangwa irushwe usiku huo. Asubuhi ya siku hiyohiyo Lucille akajifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume, Desi Arnaz Jr. Watu wapatao milioni 44 waliangalia. Kesho yake Eisenhower akaapishwa kuwa rais, waliomwangalia walikuwa kama milioni 29.

Mzazi anahitaji kupumzika, kipindi kinatakiwa kila wiki. Wafanyeje? Makopo si yapo stoo? Wakarusha vya zamani wakiviunganisha na vipande vipya. Watu wakaangalia! Picha ilikuwa safi kama mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa filamu halisi. Yale makopo yaliyoitwa mzigo yakaonekana ni shamba linalovunwa mara nyingi. Kineskopu isingeweza kufanya hivyo, ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza.

#8 Ngano za Usiku

Yaani kulea mtoto ndiko kulikozaa marudio? Endelea mkuu, nalala saa nane leo.

#9 Mkanda35

Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Vipindi vilikuwa vimerudiwa sehemu nyingine kabla, lakini hapa ndipo ilipodhihirika kwamba kipindi kinachopendwa kikirudiwa bado kinapendwa.

Baada ya hapo Desilu ikawa fundi wa wengine. Ukiwa na vifaa, mafundi na utaratibu wa kupiga kichekesho kila wiki bila kuchelewa, wenye hadithi watakufuata. Kipindi cha Our Miss Brooks kikaja 1952. Jengo likawa dogo, wakahamia Motion Picture Center kwenye barabara ya Cahuenga. Kipindi cha Danny Thomas kilipigwa kwao, baadaye na cha Dick Van Dyke. Cha Andy Griffith kilitumia kiwanja chao cha nje cha Culver City kilichojulikana kama Forty Acres. Vingi kati ya hivyo havikuwa vya Desilu, walikodisha majengo na mafundi. Lakini kampuni iliyoanza na kipindi kimoja ilikuwa sasa kiwanda.

Hapa sasa ndipo penye uamuzi ninaougeuzageuza miaka yote.

RKO ilikuwa inakufa. Mmiliki wake, tajiri Howard Hughes, aliiuza 1955 kwa kampuni ya matairi, General Tire. Kufikia mapema 1957 utengenezaji wa filamu ukasimama, na matairi hayahitaji majengo ya sinema, kwa hiyo viwanja vikatangazwa. Desi akamtafuta Hughes mwenyewe kwa simu kumwomba ushauri. Kwa masimulizi ya Desi, jibu lilikuwa nunua, hata ukiibomoa ukageuza maegesho ya magari utapata faida. Bei wakafikia dola milioni 6.15 kwa viwanja vya mtaa wa Gower na Culver City.

Pesa ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye makopo. Desilu ilikubaliana na CBS kuuza haki za I Love Lucy, sehemu 180 za nusu saa, kwa karibu dola milioni 5.

Kile walichokatwa mshahara ili wakipate wakakibadilisha na kuta.

Wakaingia na magari yao kwenye geti la Gower, geti lilelile ambalo Lucille alikuwa akiingilia kama mwigizaji wa mkataba kwenye miaka ya 1930, anayepewa sentensi mbili kwenye filamu ya mtu mwingine. Sasa majengo ya kupigia picha waliyokuwa nayo yalizidi 30, kupita hata studio kubwa ya MGM.

#10 Kitasa

Mimi natetea uamuzi huo. Mwaka 1957 milioni 5 ni pesa inayoonekana. Marudio ya miaka 50 mbele hayaonekani. Angebaki na makopo bila majengo, angeendelea kuwa mpangaji wa watu. Tena 1958 waliuza hisa kwa umma, kampuni ikathaminiwa kwa viwanja na mikataba, makopo ya kipindi kimoja yasingetosha. Biashara inakua kwa kuuza kitu kimoja ununue kingine.

#11 BintiWaMeza

Kitasa nakuelewa, lakini jengo linachakaa. Ukiwa nalo unalipa walinzi, umeme, mafundi, hata siku isiyo na kazi. Kopo halili.

#12 Mkanda35

Nimesoma hoja zenu mara mbili. Kitasa ana nguvu kwenye hesabu ya siku ile. Ila watu pekee Marekani nzima waliokwisha kuona kwa macho yao nini kinatokea kopo likifunguliwa mara ya pili walikuwa Desilu wenyewe. Wakauza kwa waliowahi kuwaambia makopo hayana thamani. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa.

Na dada amegusa jambo litakalojitokeza mbele. Majengo 30 na zaidi yanataka kulishwa.

Mwanzoni yalilishwa vizuri. Novemba 1958 kwenye mfululizo wao wa maigizo, Desilu Playhouse, wakapiga andiko la mwandishi Rod Serling ambalo CBS walilinunua wakaliweka kabatini. Barua za watazamaji zikamiminika, na kutokana na hilo Serling akapewa nafasi ya kutengeneza kipindi chake cha The Twilight Zone. Haikuwa kazi ya Desilu, lakini mlango ulifunguliwa kwao. Aprili 1959 wakatoa hadithi ya mpelelezi Eliot Ness na genge la Al Capone, nayo ikazaa kipindi cha The Untouchables, kilichorushwa na kituo cha ABC hadi 1963. Jambo la ajabu la kweli ni kwamba Desi alisoma shule moja na mtoto wa Capone kule Miami. Familia ya Capone ilipeleka madai mahakamani, na Wamarekani wenye asili ya Italia wakapinga kwa nguvu kwamba kila jambazi anapewa jina la Kiitalia. Nadhani walikuwa na haki ya kulalamika.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yanaharibika. Desi alikuwa mtu wa asubuhi hadi usiku, mwigizaji, mtayarishaji, rais wa kampuni, na pombe ikawa inamshinda. Tarehe 2 Machi 1960 wakapiga kipindi chao cha mwisho wakiwa Lucy na Ricky. Kesho yake Lucille akapeleka mahakamani ombi la talaka. Fikirini waliokuwa nyuma ya kamera usiku ule. Hadithi inaisha kwa busu la mapatano.

Waliendelea na kampuni pamoja kwa miaka miwili. Novemba 1962 Lucille akanunua hisa za Desi, ikabidi akope. Akawa rais wa Desilu, mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani.

#13 Ngano za Usiku

Mkuu, nilikuwa najua Lucille Ball ni yule wa kuchekesha tu. Kumbe alikaa kiti cha mbele. Na Star Trek inaingilia wapi?

#14 Mkanda35

Inaingilia hapa. Alipoichukua kampuni, vipindi vyake vyenyewe vilikuwa vimepungua sana, kikubwa kilikuwa The Lucy Show anachoigiza mwenyewe. Mchana anavaa joho la mkurugenzi, jioni anaangukia keki mbele ya watazamaji. Majengo mengi yamejaa kazi za wapangaji. Akamwajiri Herbert Solow kutafuta vipindi vipya vya kampuni. Mwaka 1964 Solow akaleta mtu aliyewahi kuwa polisi wa Los Angeles, Gene Roddenberry, na wazo la chombo cha anga. Akaleta pia Bruce Geller na wazo la kipindi cha Mission: Impossible.

Sehemu ya majaribio ya Star Trek ikapigwa mwishoni mwa 1964 kule Culver City. Kituo cha NBC wakaikataa, wakisema inafikirisha mno. Lakini wakafanya jambo lisilo la kawaida, wakaagiza sehemu ya pili ya majaribio, ikapigwa 1965. Gharama zilikuwa zinapanda na wajumbe wa bodi waliona kampuni ya ukubwa wao haiwezi kubeba vipindi viwili vizito namna hiyo. Lucille akaenda kinyume na ushauri wao, akasema viendelee.

Star Trek ikaanza NBC tarehe 8 Septemba 1966. Mission: Impossible CBS tarehe 17 ya mwezi huohuo. Daraja la chombo cha anga lilijengwa kwenye majengo nambari 9 na 10 ya Gower, ile iliyokuwa RKO. Mwaka uliofuata kikaja kipindi cha Mannix.

Sasa tazameni hesabu inavyokaba. Kituo cha televisheni hulipa kiasi fulani kwa kila sehemu, na kiasi hicho ni chini ya gharama halisi. Mtengenezaji anabeba pengo akitegemea kulirudisha kwenye marudio na mauzo ya nje, miaka mbele. Ili uvuke hiyo miaka unahitaji pesa inayoingia sasa. Ingetoka wapi? Kisima kikubwa cha marudio kilichowahi kuchimbwa kilikuwa cha Lucy, na maji yake yalikuwa yanatiririka CBS tangu 1957. Kwenye miaka hiyo I Love Lucy ilikuwa inarudiwa asubuhi nchi nzima.

#15 BintiWaMeza

Aisee.

#16 Kitasa

Nakubali hapo umenibana. Ila Lucille angeweza kukataa Star Trek akaendesha kampuni ya kukodisha majengo kwa amani. Alichagua hatari akijua.

#17 Mkanda35

Ndiyo, na kwa hilo namheshimu kuliko kwa kitu kingine chochote. Asingekubali, hivyo vipindi viwili vingeishia kuwa karatasi.

Jirani wa Gower, ukuta kwa ukuta, alikuwa studio ya Paramount. Mwaka 1966 Paramount ilinunuliwa na Gulf+Western ya Charles Bluhdorn, na Bluhdorn akataka na upande wa pili wa ukuta. Mwaka 1967 Lucille akauza Desilu kwa dola milioni 17. Ukuta kati ya viwanja ukabomolewa, kampuni ikageuzwa kuwa Paramount Television. Jina lile la herufi za kuungana likaondoka kwenye mwisho wa vipindi. Lucille akafungua kampuni yake ndogo, akaendelea na kichekesho chake cha kila wiki hadi 1974.

Star Trek ilifutwa 1969, sehemu 79 tu. Kisha vituo vya mikoani vikaanza kuirudia jioni, ikapata watu kuliko ilivyokuwa hai, hadi zikaja filamu na vipindi vingine juu yake. Faida kubwa ikaenda Paramount. Kampuni iliyoonyesha dunia thamani ya marudio iliachia vipindi vyake viwili vilivyorudiwa kuliko vyote, kimoja kwa kununua majengo, kingine kwa kushindwa kuyalisha.

Lucille na Desi wenyewe hawakuwa maadui. Desi alifariki Desemba 1986, Lucille Aprili 1989.

#18 Ngano za Usiku

Majengo yapo bado? Mtu akienda leo anaona nini?

#19 Mkanda35

Yapo, kasoro Forty Acres iliyobomolewa 1976. Kiwanja cha Las Palmas bado ni studio, kile chenye mlango wa kutoboa. Cahuenga bado ni studio. Culver City vilevile, kinaitwa The Culver Studios. Gower imemezwa na Paramount, yale majengo ya chombo cha anga yakapewa nambari mpya, 31 na 32.

Ukisimama kwenye kona ya Melrose na Gower ukaangalia juu ya paa, utaona tufe kubwa la dunia. Ni alama ya RKO, ule mpira uliokuwa na mnara wa redio juu yake mwanzoni mwa filamu zao. Desilu walipochukua kiwanja hawakuuondoa, na Paramount nao wameuacha. Cha Desilu hakuna kilichobaki pale juu.

#20 BintiWaMeza

Asante mkuu kwa uzi. Nina mkataba mwingine, umekuja Jumatatu, wa sehemu 13. Nimekaa nao tangu jana, safari hii nimekaa. Ukurasa wa nne unasema mali yote ghafi ni ya mteja milele. Nimeandika pembeni kwa penseli: nipunguzieni malipo, nibaki na haki ya kuonyesha kazi na asilimia kwenye kila mauzo ya marudio. Wamesema watajibu Ijumaa.

#21 Kitasa

Tuletee majibu hapahapa dada.